Mgongo wazi na kansa ya kibofu, wapi na wapi?

Huku Malindi mtu akikojoa damu jibu lishajulikana, kichocho hicho, alienda kuoga bwawani. Na mara nyingi ni kweli. Lakini mpwa wangu alizaliwa na mgongo wazi, bwawani hajawahi kutia hata kidole, na siku kansa ya kibofu ilipotajwa kliniki sote tuliduwaa, mgongo na kibofu wapi na wapi jamani.

Basi iko hivi. Mgongo wazi ni pale uti wa mgongo wa mtoto umeshindwa kufunga akiwa tumboni, na hilo linatokea ndani ya siku 28 za mwanzo, mama pengine hata hajajua kama ana mimba. Neva za kibofu zinatokea hukohuko chini mgongoni, kwahivyo zikiharibika kibofu hakijui kimejaa wala hakijui kujikamua, mkojo mwingine unavuja mwingine unalala ndani, na mkojo uliolala unazaa wadudu na mawe, ndo hizo UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, za kila mara.

Sasa mgongo wazi wenyewe si kansa. Tabu ni ule ukuta wa ndani wa kibofu unaochokozwa miaka nenda miaka rudi, na UTI, na mawe, na mpira wa mkojo unaokaa ndani muda wote, unachubuka unajijenga unachubuka tena, mpaka siku seli zikajijenga kombo. Kichocho cha miaka mingi nacho ndo kinavofanya, mayai yake yananasa kwenye ukuta huohuo yanauchokoza, na kinajulikana kabisa kuleta kansa ya kibofu. Sigara ukiongeza juu yake ndo balaa (vijana wa baraza mnanisikia).

Wenye mgongo wazi wanaopata kansa hii ni wachache, tusitishane. Ila wakipata wanapata mapema, kwenye miaka ya 40 hivi, wakati watu wengine ni 60 na kupanda, na mara nyingi ikigunduliwa ishatambaa, mana huku chini hisia ni chache, maumivu hayasikii, na damu ikionekana kila mtu anasema mpira umekwaruza, antibayotiki nyingine, rudi nyumbani. Kwahivyo mtu anaangalia mabadiliko: UTI zilizokuwa mara mojamoja sasa haziishi, mpira uliokuwa ukiingia vizuri sasa unagoma, ubavu unauma, damu inarudi hata baada ya dawa. Hapo mtake daktari achungulie kibofu kwa kamera, msikubali tembe tu. Lakini kumtia kamera kila mwaka mtu asiye na dalili yoyote, hilo halijaonyesha faida.

Mpwa wangu anatumia mpira wa kutia na kutoa, anajitia mwenyewe kila masaa manne, hata shule. Alieneza njia hii ni daktari wa Marekani, Jack Lapides, mwaka 1972, akaonyesha kuwa nyumbani si lazima vifaa vichemshwe kama vya thieta, usafi wa kawaida watosha bora kibofu kisikae kimejaa. Mimi nilidhani maji na sabuni ni umaskini wetu, kumbe ndo dawa yenyewe.

Dada yangu ana daftari siku hizi, kila UTI anaandika tarehe na dawa aliyopewa. Kliniki ya juzi daktari kabla hata ya salamu kuisha ashaliomba.