Kabla ya mitindo, mtoto ajue kuelea na kutoka majini

Likizo ya Juni ikikaribia, swali ninaloulizwa sana na wazazi wa Moshi na Arusha ni hili: mtoto aanze masomo ya kuogelea akiwa na miaka mingapi, na bwawa gani lina mwalimu mzuri? Zamani lilitoka kwa wazazi wachache wa mitaa ya wenye uwezo, Shantytown au Njiro. Sasa linatoka pia Pasua, Majengo, Sakina na Ngaramtoni, na hilo linanifurahisha sana. Kazi yangu ni kinga ya ajali za watoto, kwa hiyo kabla ya kujibu huwa nauliza na langu: mtoto wako akitumbukia majini ghafla, akiwa na sare ya shule na sweta, atafanya nini katika dakika ya kwanza?

Hapo ndipo masomo yanayookoa maisha yanapotofautiana na yale yanayompa mtoto medali tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vifo tisa kati ya kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika mazingira yetu maji ya hatari mara nyingi hayana vigae wala ngazi ya chuma. Ni mto, mfereji, lambo, kisima kisicho na mfuniko, au shimo lililoachwa wazi baada ya watu kuchimba moramu na kufyatua matofali.

Tazama tulivyozungukwa. Huku Moshi tuna mito ya Karanga, Rau na Weruweru, tuna mifereji ya asili inayoteremka kutoka mlimani ikipita nyuma ya nyumba za watu, na tuna mifereji ya umwagiliaji ya mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, ambayo watoto huvuka wakienda shule. Wikiendi vijana wanajazana kwenye chemchemi ya Chemka, ambako maji ni maangavu kiasi kwamba mtu anaona mizizi na mchanga wa chini na kudhani ni kina cha kiunoni, kumbe kinamzidi kimo. Arusha mito ya Themi na Naura inapita katikati ya mji, na yapo makorongo yanayokaa makavu miezi kadhaa. Mvua ikinyesha huko juu Meru, korongo hufurika hata kama mtaani kwenu jua linawaka. Aprili 2024, pale Muriet, maji ya aina hiyo yalilisomba gari lililobeba wanafunzi asubuhi wakienda shule, na tukazika watoto. Kujua kuogelea hakumwezeshi mtoto kupambana na mafuriko, na mwalimu mzuri humwambia hivyo wazi: maji ya kahawia yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini, hatuyavuki. Tunarudi nyuma na kusubiri.

Sasa turudi bwawani. Mtoto anayeanza hapaswi kuanzishwa na mtindo huru au wa chura. Aanze na pumzi. Anakaa ukingoni, anapiga miguu, anaingia mahali ambapo maji yanamfika kifuani, anashika ukuta, anaweka mdomo majini na kupuliza mapovu, kisha pua, kisha uso mzima. Mtoto aliyekwisha kujifunza kutoa pumzi ndani ya maji hashtuki maji yanapomfunika usoni, na huo mshtuko ndio unaomfanya avute maji badala ya hewa. Kisha alale chali. Mwalimu huweka kiganja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo, masikio yanazama, kitovu kinapanda juu, macho yanatazama mawingu. Watoto wengi hapa hukunja kiuno kwa woga na makalio yakazama. Mwalimu mwenye subira hamlazimishi. Anasubiri shingo ilegee, halafu anaondoa kiganja kidogo kidogo mpaka mtoto anaelea peke yake bila kujua ameachiwa saa ngapi.

Akishajua kuelea, afundishwe kugeuka: kutoka kifudifudi kwenda chali, kisha kuzunguka na kuutafuta ukingo. Kisha kufika ukingoni, na kisha kutoka. Sisitizo langu ni hapo kwenye kutoka. Wapo watoto wanaomaliza mwezi wa masomo bila kujua kujivuta juu ya ukingo, kwa sababu kila siku walitumia ngazi au walinyanyuliwa na mwalimu. Ukingo wa mfereji hauna ngazi. Mtoto aweke viwiko juu, apandishe kifua, kisha goti, na arudie mpaka mwili wenyewe uzoee.

Nikikushauri jambo moja la kumuuliza mwalimu kabla hujalipa ada, muulize kama wanafunzi wake hufanya zoezi la kutumbukia na nguo. Ni zoezi la hatua za mwisho, linalofanyika bwawani mwalimu akiwa ndani ya maji karibu na mtoto, na si la mzazi kulijaribu mwenyewe nyumbani. Mtoto anavaa shati, kaptula au sketi, na sweta la shule, anaingia kinyumenyume kana kwamba ameteleza, anaibuka, anageuka chali, anapumua, anafuata ukuta na kutoka. Kwa mara ya kwanza anahisi sweta lililolowa linavyomvuta mabegani na sketi inavyomng'ang'ania miguuni. Ni heri mshangao huo umpate akiwa na mwalimu pembeni.

Wenzetu wa Bangladesh, ambao vijiji vyao vimejaa madimbwi, waliona kwamba wakisubiri mabwawa ya kisasa watasubiri sana. Programu yao ya SwimSafe ikajenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi, yenye uzio na sakafu, watoto wakafundishwa humo. Ili ahitimu, mtoto aogelee mita 25, aelee sekunde 30, na ajue kumsaidia mwenzake bila yeye kuingia majini. Naupenda mpango huu kwa sababu haujali mtoto anaogelea kwa madaha gani. Kwetu, hata hivyo, nisingependa mtu aige kwa kuwapeleka watoto mtoni, kwa sababu dimbwi halitembei, mto unatembea. Lambo na mfereji wa umwagiliaji navyo vina hatari ya kichocho. Bwawa lenye klorini na maji ambayo sakafu yake unaiona vizuri ndipo mahali pa kujifunzia.

Kuhusu umri: Shirika la Afya Duniani linahimiza stadi za kuogelea na usalama wa majini kwa watoto kuanzia miaka sita, na kwa shule zetu hiyo ni darasa la kwanza, umri mzuri kabisa. Wadogo zaidi wanaweza kuanza kuzoea maji wakiwa na mzazi, na wengi wakifika miaka minne huweza kufuata maelekezo. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitano, awe amefundishwa au hajafundishwa, kinga yake ni mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, pamoja na mfuniko kwenye kisima na pipa. Ndoo ya maji iliyojaa nusu inatosha kumuua mtoto anayetambaa.

Kuna jambo linalonitia hofu kuliko mtoto asiyejua kuogelea kabisa, nalo ni mtoto aliyejua kidogo na wazazi wakaamini amejua. Wiki mbili za likizo hutosha kumwondolea mtoto woga, ila mara nyingi hazitoshi kumpa uwezo. Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi huongeza hali hiyo, kwani yanamshikilia wima, na wima ni mkao wa kuzama, si wa kuelea. Yakivuka mkono au yakitoboka, mtoto anabaki na ujasiri bila ujuzi. Mkiwa kwenye mtumbwi Ziwa Duluti au bwawa la Nyumba ya Mungu, jaketi okozi lililofungwa vizuri ndilo la kutegemea.

Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, na wengi wetu tukikaa kando ya bwawa tunasubiri kuona huko kutapatapa. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko usawa wa maji, unazama na kuibuka, kichwa kimeangukia nyuma, mikono inabonyeza maji pembeni, miguu haipigi. Hawezi kuita kwa sababu hewa anayoipata haitoshi hata kupumua, sembuse kutoa sauti. Hali hiyo inaweza kuchukua chini ya dakika moja kabla hajazama kabisa. Ndiyo maana sherehe za kuzaliwa kwenye mabwawa ya hoteli zinanipa wasiwasi: watu wazima ni wengi, nyama inachomwa, muziki unapigwa, na kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Teueni mtu mmoja, simu yake ikae mfukoni, asikae kwenye meza ya chakula, na baada ya robo saa apokewe na mwingine kwa kutajana majina.

Niseme kidogo kuhusu wasichana, kwa sababu ndio wanaoachwa nyuma. Mama amelipa fundi kusuka nywele Jumamosi, hataki ziloweke Jumatatu. Binti amepevuka na anaona aibu na nguo ya kuogelea, au imani ya familia inataka stara. Haya yote yana ufumbuzi: panga kusuka baada ya muhula wa masomo, nunua kofia ya kuogelea, ruhusu suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa kisichobeba maji mengi. Huko Nungwi, Zanzibar, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya stara mwili mzima, na wakaweza.

Baridi nayo isipuuzwe. Asubuhi za Juni na Julai Arusha maji hayana mzaha. Mtoto aliyekauka midomo na kutetemeka hajifunzi chochote, atolewe, akaushwe, apewe uji wa moto. Nusu saa ya masomo inatosha kwa anayeanza. Mwambie mwalimu ukweli kama mtoto ana kifafa, pumu, au sikio linalotoka usaha. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima anayemwangalia yeye peke yake.

Ukimwona mtu anazama na hujafundishwa uokoaji, usijitose. Ukijitosa, mnaweza kufa wote wawili. Piga kelele, lala kifudifudi ukingoni, mnyooshee mti au kitenge, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Dumu hilo linamshikilia mtoto vizuri, na likifungwa kamba unaweza kumvuta. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu wala usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi kwanza, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kuomba maji ya kunywa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Limebaki suala la gharama, ambalo ndilo linalowafungia nje watoto wengi. Mabwawa mengi ya hoteli zetu hayana watu asubuhi za siku za kazi. Mwalimu mkuu anaweza kwenda na barua ya kamati ya shule, akaomba muda wa saa mbili kila Jumanne kwa darasa la tatu au la nne, akataja idadi ya watoto na muda wa kuondoka. Akubaliane na mwalimu wa kuogelea kwamba wanaoanza hawatazidi sita kwa kila mwalimu aliye majini, na wazazi wawili wasimame ukingoni wakihesabu vichwa. Mazungumzo hayo yaanze Januari, kabla ratiba za hoteli hazijajaa, ili watoto waingie bwawani Februari maji yakiwa na joto na masika haijaanza.