Mwanga laini sio mwanga mdogo

Juzi nimelisikia tena hili neno, mwanga laini, likitumika kama vile maana yake ni mwanga mdogo, na safari hii kwa mtu anayeijua kazi yake kabisa, mkono wake kwenye wanja unachora mstari ambao mimi hata kwa rula siuwezi. Tulikuwa tunapanga picha za mekapu za nyumbani, chumba kimoja, simu moja, taa ya mezani, shuka na kiti, hatuna kingine. Alikuwa ameshampaka mwenzetu bluu kwenye kope, ile inayopanda mpaka inakaribia nyusi kisha inakatika ghafla kwa mstari mweupe, na chini ya kila jicho kambandika lulu saba ndogo ndogo kwa gundi ya kope za bandia, kazi ya karibu saa mbili. Akasema, "Nataka mwanga laini, funga pazia halafu punguza taa." Nikafunga, nikapunguza. Picha ya kwanza ikatoka chenga tupu, vile vidoadoa vya picha iliyokosa mwanga, bluu imegeuka kijivu, na kila lulu imeangusha shavuni kivuli cheusi kilichokatwa kama kwa wembe. Akaitazama, akasema, "Mbona bado mkali, punguza tena."

Hapo nikajua hili neno inabidi niliandikie, manake sio yeye tu, kila ninapokaa na wapiga picha na wapaka mekapu nalisikia hivyo hivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Mwanga laini ni mwanga ambao kivuli chake hakina ukingo unaoonekana, giza linayeyuka taratibu mpaka linakuwa mwanga na huwezi kuweka kidole ukasema kimeishia hapa. Unakuwa hivyo pale chanzo cha mwanga kinapokuwa kikubwa, ukubwa huo ukipimwa kutokea pale uso ulipo. Basi, ndo hiyo tu. Humo ndani hakuna neno hata moja kuhusu mwanga kuwa mwingi au kidogo, hayo ni mambo mengine kabisa.

Sasa kwa nini tunakosea? Mimi nadhani tunapotezwa na neno lenyewe. Laini asili yake ni Kiarabu, layyin, kitu kisicho kigumu, kinachobonyea ukikigusa (laini ya simu ni neno lingine, hilo limetoka kwa Waingereza na hawana undugu wowote). Tulipolichukua tukaanza nalo kwenye vitu vya kushika, kitambaa laini, unga laini, ngozi laini, na mpaka hapo ukiliweka kwenye mwanga linakaa vizuri sana, kwa sababu hata kivuli unaweza kukiwazia kama kitu chenye ngozi, kuna chenye ukingo unaochoma na kuna chenye ukingo unaobonyea. Ila tukalipeleka na kwenye sauti. Sauti laini kwetu ni ya upole, na mara nyingi ni ya chini, ukimwambia mtu aongee kwa sauti laini kitu cha kwanza anachofanya ni kupunguza. Kwa hiyo masikio yetu yameshazoea kwamba laini maana yake punguza, ukitaja mwanga laini tu mkono unaenda wenyewe kwenye swichi.

Na upande wa pili kuna mkali, huyu ndo ananiumiza kichwa zaidi. Tunasema mwanga mkali tukimaanisha kinyume cha laini, lakini ukali kwa Kiswahili una njia mbili. Kuna ukali wa jua kali, pilipili kali, mbwa mkali, huo ni ukali wa nguvu. Halafu kuna ukali wa kisu. Kisu kikali hakina nguvu kuliko kisu butu, vinaweza kuwa na uzito mmoja na mpini mmoja, tofauti yao iko kwenye makali tu, pale ukingoni. Mwanga mkali wa kwenye picha ni mkali kama kisu, sio mkali kama pilipili. Unakata kivuli. Ukishalisikia neno kwa njia ya kisu sidhani kama utalisahau tena. Wengine wanasema mwanga mgumu ili kuukwepa huu mkanganyiko, na mimi nawaunga mkono.

Kama bado unabisha, subiri usiku wa mbalamwezi, mwezi mpevu, mbali na taa za umeme, kisha nyoosha mkono wako juu ya ardhi nyeupe au mchanga. Vidole vyote utavihesabu kwenye kivuli. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua kama mara 400,000, kusoma tu ni shida, lakini kivuli chake kina makali. Halafu kesho yake mchana kukiwa na wingu zito limefunika mbingu nzima, toka nje saa sita, nyoosha mkono ule ule. Mwanga ni mwingi mno, kamera inafurahi, na kivuli hukioni, kuna weusi mdogo tu chini ya mkono usio na umbo. Huo mwingi ndo laini, ule kidogo ndo mkali. Mwezi peke yake unatosha kumaliza ubishi wote huu.

Na jua ni hivyo hivyo. Watu wanashangaa ukiwaambia jua ni chanzo kidogo, kwa sababu upana wake ni zaidi ya kilomita milioni 1.39, lakini liko mbali kama kilomita milioni 150, kwa hiyo kutokea usoni kwako linachukua nusu digrii tu ya anga, sawa na mwezi, unalifunika kwa ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umenyooka. Wingu likija mbele, sio kwamba limeupunguza mwanga ndo ukawa laini. Wingu limelishika jua na kulitandaza mbingu nzima, sasa uso unaangaziwa kutoka pande zote kwa pamoja, na kila mwanga unaotoka upande huu unaenda kujaza kivuli kilichoangushwa na wa upande ule. Kupungua kumetokea kweli, ila hicho sicho kilicholainisha.

Ndo maana kipande cha tishu juu ya fleshi ya simu hakisaidii kama watu wanavyodhani. Fleshi ina upana wa milimita chache, ukiifunika kwa tishu iliyogusana nayo upana unabaki karibu ule ule, umeiba mwanga tu. Vivyo hivyo kuzungushia balbu kitambaa, ambako juu ya kuwa bure ni hatari, kinaweza kuungua. Lakini chukua shuka jeupe, litundike, balbu irudishe nyuma yake mpaka uone shuka zima limewaka na sio duara dogo katikati, halafu kaa karibu na shuka. Sasa chanzo chako sio balbu tena, ni shuka. Au geuzia taa kwenye ukuta mweupe, ukuta unakuwa ndo taa. Uwe mweupe kweli lakini, ukuta wa kijani utakupaka kijani na faundesheni yote itaonekana imekosewa wakati haikukosewa.

Wenye studio wanatumia mwavuli mweupe kwa kazi hiyo hiyo, na mimi kila nikiuona napenda jinsi lugha ilivyokaa hapo, manake sikiliza, mwavuli, kivuli, uvuli, zote zina vuli ndani yake. Kivuli ni kile chenye umbo, cha mtu, cha mti, cha lulu. Uvuli ni ile hali ya kukingwa na jua, unakaa uvulini kupumzika na hakuna anayeuliza una umbo gani. Mwanga mkali unatengeneza vivuli, mwanga laini unatengeneza uvuli. Kama tungekuwa tunayatofautisha haya mawili kwenye mazungumzo yetu nusu ya hii makala isingehitajika.

Kuna jambo moja linalowageuza watu kichwa, nalo ni umbali. Chukua dirisha la upana wa mita 1, lisilopigwa na jua moja kwa moja. Ukimkalisha mtu mita 4 kutoka dirishani, kutokea usoni kwake dirisha lina digrii kama 14. Msogeze mpaka mita 1, sasa lina digrii kama 53. Dirisha ni lile lile, hujanunua kitu, na mwanga umekuwa laini zaidi. Na papo hapo umekuwa mwingi zaidi! Yaani nyumbani njia ya kwanza ya kulainisha mwanga ni kusogea karibu, na kusogea karibu kunauongeza, kinyume kabisa na ule mkono unaokimbilia swichi. Mwanga ukiongezeka simu haihitaji kupandisha ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, chenga zinaondoka, na bluu inarudi kuwa bluu. Hii ndo sababu nang'ang'ana na neno hili, sio ubishi wa kamusi, ni kwamba tafsiri mbaya inaharibu rangi ambayo mtu kaipaka kwa saa mbili. Hata zile taa za duara za kwenye stendi, zina upana wa sentimita 45 hivi, mtu anaziita laini kana kwamba ulaini umo ndani ya taa. Ikiwa sentimita 50 kutoka usoni ni laini kweli. Ipeleke upande wa pili wa chumba, utaanza kuona kivuli cha pua kina ukingo.

Faida nyingine ya kukaa karibu na chanzo ni ukuta wa nyuma. Kwa taa ndogo, umbali ukizidi mara 2 mwanga unabaki robo, ukizidi mara 4 unabaki sehemu moja ya 16. Uso ukiwa karibu sana na mwanga na ukuta ukiwa mbali, kamera ikipimia uso, ukuta unazama gizani wenyewe, pamoja na kabati na nguo zilizotundikwa mlangoni. Dirisha na shuka haviendi kwa hesabu hiyo kamili kwa kuwa ni vikubwa, ila vinaelekea huko huko.

Halafu naomba lisigeuke kuwa kwamba laini ni nzuri na kali ni mbaya, manake kwenye mekapu ya ubunifu hapo ndo mipango inapoanzia. Glita kwa mfano. Kila chembe ya glita ni kioo kidogo, na kioo kinarudisha picha ya chanzo. Chanzo kikiwa kidogo, chembe chache zinapasuka kama nyota na zilizobaki zinanyamaza, hapo ndo unapata ule mmeto. Chanzo kikiwa kikubwa chembe nyingi zinang'aa kidogo kidogo kwa pamoja, inaonekana kama utando wa fedha. Zote ni nzuri, ila lazima ujue unataka ipi kabla hujafungua kopo. Midomo yenye glosi nayo inaonyesha dirisha zima, mara nyingi unaliona kabisa, pembe nne na fremu katikati. Na kwenye ngozi nyeusi, mng'ao wa paji la uso na mfupa wa shavu ni taswira ya chanzo hiyo hiyo, dirisha kubwa linaulaza mng'ao kwa upana kama hariri, balbu inaacha doa jeupe moja ambalo watu wanalikimbilia na poda wakati poda haina kosa.

Unga wa mekapu uliojikusanya, vinyweleo, gundi iliyovuka mpaka, mwanga mkali unavitaja vyote kwa majina. Mistari iliyonyooka ya rangi kavu inaupenda mwanga mkali. Kwa hiyo mimi nikipanga, kwenye karatasi naandika kivuli kwanza, kina ukingo au hakina, kinaangukia wapi, ndo baadaye rangi. Na laini sio bapa pia, yaani sio lazima uso mzima uwe na mwanga sawa, dirisha likiwa pembeni kabisa upande mmoja wa uso utakuwa na giza zuri tu, giza lisilo na ukingo, ukitaka kulipunguza weka kadibodi nyeupe upande huo karibu na shavu.

Siku ile ya lulu tulifungua pazia. Dirisha halikuwa na jua saa ile, tukazima taa ya mezani ili njano yake isichanganyike na weupe wa nje, tukasogeza kiti mpaka goti la mwenzetu likagusa ukuta chini ya dirisha. Vile vivuli saba vya kila shavu havikuondoka, vililegea, kila lulu ikabaki na weusi mdogo chini yake kama imekalia ngozi badala ya kuichoma. Mwenye kazi akachungulia kwenye simu, akasema, "Sasa huu ndo mwanga mdogo niliokuwa nautaka." Nikamwonyesha namba za kamera, mwanga ulikuwa umeongezeka mara nyingi kuliko tulivyoanza. Akacheka, akaniuliza basi aseme nini. Nikamwambia asiache kusema laini dada yangu, neno ni zuri na ni lake, ila akilisema aangalie anayeshika taa, akiona mkono unaenda kwenye swichi amwambie, "Sogeza kwanza."