Digrii ya saikolojia katika haki jinai: kazi yake hasa ni ipi?

Saikolojia ya kisheria ni matumizi ya elimu ya akili na tabia ya binadamu katika shughuli za polisi, mahakama na magereza. Wengi wakiisikia huwaza mpelelezi wa kwenye filamu: anatupia jicho chumba chenye damu, kisha anataja umri wa muuaji, kazi yake na ugomvi wake na mama yake. Kazi ya aina hiyo ipo, ila hata FBI, shirika la upelelezi la Marekani, huwapa maofisa wachache, tena waliokwisha kupeleleza kesi za kawaida kwa miaka. Anayesomea saikolojia kwa ajili ya hilo tu atasubiri sana. Elimu hii ina kazi nyingine zisizo na mbwembwe, na ndizo zinazoamua hatima za watu.

Mojawapo ni ushahidi wa macho, yaani shahidi kumtambua mtu kwa kuwa alimwona. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa aina hii ni dhaifu, na usitumiwe kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kumfananisha na mtu mwingine uwe umeondolewa. Tangu hapo mawakili huuliza: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Taa ilikuwa na mwanga kiasi gani? Aliwahi kumwona kabla?

Majaji walifika hapo kwa uzoefu wa kesi. Wanasaikolojia walikuwa wameshaanza kulipima jambo hilo kwa majaribio. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya gari. Theluthi moja waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani “yalipogongana”, theluthi nyingine “yalipopondana”, na waliobaki hawakuulizwa kasi. Baada ya wiki wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la “yalipopondana” 16 kati ya 50 walisema ndiyo. La “yalipogongana”, 7. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika.

Sasa peleka hilo kituo cha polisi. Ofisa akimwambia shahidi, “Alivaa koti jeusi, sivyo?”, koti limeshaingia kichwani mwa shahidi, na mahakamani atalieleza kwa kiapo bila kusema uongo wowote kwa makusudi. Aliyesoma saikolojia akasoma vizuri huanza na “Nieleze ulichokiona”, halafu ananyamaza. Huo ukimya ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Hata katika gwaride la utambulisho, ambapo mtuhumiwa hupangwa mstari na watu wengine ili shahidi amtambue, huyohuyo angetaka askari anayelisimamia asijue mtuhumiwa ni yupi, maana jicho la msimamizi nalo husema.

Eneo la pili, na kwa maoni yangu ndilo linaloajiri elimu hii kwa tija zaidi, ni uangalizi wa wahalifu wakiwa nje ya gereza, au probesheni. Kabla ya hukumu, hakimu au jaji anaweza kuagiza taarifa kuhusu mshtakiwa. Ofisa wa probesheni hufunga safari hadi kwao, akazungumza na familia, chifu au mwenyekiti wa mtaa, mwajiri kama yupo, na upande wa mwathiriwa, ambao mara nyingi ndio wenye uchungu na maneno machache. Kisha anaandika: mtu huyu ametoka wapi, anakunywa, anajutia, jamii itampokea? Nchini Kenya uzito wa taarifa hizi ulionekana wazi baada ya Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji. Kesi za watu waliokwisha kuhukumiwa kifo zilirudi mahakamani ili adhabu ipangwe upya, na majaji walitaka kujua mfungwa amekuwa mtu wa namna gani.

Ubora wa taarifa hiyo upo kwenye jambo dogo: mwandishi ametenganisha alichokiona na alichoambiwa? “Hana majuto” ni hukumu ya mwandishi. “Alipoulizwa kuhusu marehemu alitazama chini, akajibu kwa neno moja” ni ushahidi, na jaji ataupima mwenyewe.

Mipaka nayo ipo. Kupima kama mshtakiwa ana akili timamu ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Ndiyo maana Nairobi watuhumiwa wa mauaji hupelekwa hospitali ya Mathari, na Tanzania ipo taasisi ya Isanga huko Dodoma. Digrii ya kwanza pekee haimfanyi mtu awe mwanasaikolojia wa kutoa ushahidi wa kitaalamu. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, inayotaka usajili. Na anayetaka kufanya ushauri nasaha ndani ya Magereza ajue kwamba idara hiyo huajiri askari kwanza: ataanzia chuoni, kama Kiwira nchini Tanzania au Ruiru nchini Kenya, akipiga kwata na wenzake waliosomea uhasibu.