Sanamu Ndogo za Udongo za Waparthi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Zilifinyangwa na Waparthi wenyewe."
Waparthi, hao hao wanaotajwa katika Matendo ya Mitume, walikuwa watawala waliotokea kaskazini-mashariki mwa Iran. Seleucia kando ya mto Tigris, katika Iraq ya leo, mji uliotoa maelfu ya sanamu hizi, ulijengwa na Wagiriki; Waparthi waliuteka mwaka 141 KK. Wafinyanzi wa Mesopotamia waliendelea na kazi yao. Kwa hiyo "za Waparthi" ni jina la zama, si la mikono iliyoufinyanga udongo.

"Kila moja ilifinyangwa kwa mkono."
Sanamu nyingi za wapanda farasi, ndiyo. Sehemu kubwa ya nyingine zilitoka kwenye kalibu ya udongo uliochomwa. Kwa kalibu moja, udongo ulikandamizwa kwa vidole, kisha mgongo ukasawazishwa. Ndiyo maana mbele unaona nywele na mikunjo ya nguo, nyuma bapa kama kigae.

Kwa kalibu mbili, kila nusu ilitandazwa udongo mwembamba, ukaachwa ukauke kidogo mpaka uachane na kalibu, kingo zikapakwa uji wa udongo na kuunganishwa. Ndani ni wazi. Itazame ubavuni: mstari wa kiungo upo, na ufa hupenda kuanzia hapo, kwani nusu yenye maji mengi husinyaa kuliko mwenzake.

Kusinyaa huko kuna faida kwa mchunguzi. Kalibu ikinakiliwa kutoka kwenye sanamu iliyokwisha kuchomwa, itakayozaliwa humo itakuwa ndogo zaidi, na sura yake imefifia. Zikikutana mbili zinazofanana, ile ndogo yenye pua butu huenda ni mjukuu wa ile kubwa.

"Zilikuwa na rangi ya udongo tu."
Hapana! Nyingi zilipakwa tabaka jeupe, kisha waridi, nyekundu au nyeusi. Rangi ilipakwa baada ya tanuri, hivyo moto haukuishika; maji na brashi huiondoa. Kabla ya kusafisha, chunguza mikunjo ya shingo na masikio, ndimo masalia hujificha.

"Zote ni miungu."
Wamo wapiga ala, watoto, na wanawake waliojilaza wakiegemea kiwiko.

"Yule mwanamke mwenye macho ya yakuti, sanamu iliyo katika makumbusho ya Louvre, Paris, ni mmojawapo."
Ametoka Hillah, karibu na Babeli, na ni wa zama hizo, lakini amechongwa kwa alabasta. Hilo ni jiwe. Halikupita kwenye kalibu wala tanuri.