Bomba la inchi 3 kwa injini ya 1.6? Dhana potofu na ukweli kuhusu ekzosi za mbio

Wiki mbili zilizopita kijana aliingiza Corolla yake ya miaka ya tisini gereji kwangu, Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Anaiandaa aivushe bara kwenda kushindana, na alitaka bomba la inchi 3 kuanzia chini ya injini mpaka nyuma. "Fundi, likiwa pana inapumua," akanambia. Nilimkatalia, na nilimweleza kwa nini.

Bomba la inchi 3 lina nafasi mara 2.25 ya bomba la inchi 2. Injini ya lita 1.6 isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, haina moshi wa kulijaza. Moshi ukiingia humo hupoteza mwendo, hupoa, kisha huanza kujikokota, na dereva atalihisi hilo anapotoka kwenye kona: anakanyaga mafuta, gari inasita. Inchi 2, ikizidi sana 2 na robo, inatosha hata kwenye uwanja wa mbio.

Mtu akisikia hivyo hurukia upande wa pili: "Kumbe injini inataka presha ya nyuma." Dhana hii inanisumbua kuliko zote, maana hata mafundi wazima wanairudia. Hakuna injini ya mipigo minne inayofaidika moshi wake ukizuiwa. Inachotaka ni moshi ukimbie. Asubuhi gari ikiwa bado baridi, iwashe kisha weka kiganja nyuma ya bomba. Moshi hauji kama upepo wa feni. Unakuja kwa vipigo, pu, pu, pu. Kila kipigo kikikimbia bombani huacha mvuto nyuma yake, kama maji yanavyovutwa nyuma ya kasia. Mvuto huo ukifika kwenye valvu ya moshi wakati valvu ya kuingiza hewa imeanza kufunguka, humaliza moshi uliobaki ndani ya silinda na kuivuta hewa mpya kabla pistoni haijaanza kushuka. Hiyo ni nguvu ya bure. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika kila silinda hutema mara 50 kwa sekunde, basi upana na urefu wa bomba ndio unaoamua kama mvuto utawahi au utachelewa.

Ndiyo maana manifoldi, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, ikifikiriwa vizuri huunganisha silinda ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3, halafu mabomba hayo mawili yakawa moja. Injini inayochoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2 haitemi silinda hizo kwa kufuatana, kwa hiyo hazigombanii njia. Manne yakiingia moja kwa pamoja, faida huhamia zaidi kwenye mizunguko ya juu.

Kelele nayo haiongezi nguvu hata chembe. Viwanja vingi vya Uingereza hupima sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba, na gari inayozidi kipimo hairuhusiwi kuingia. Funga sailensa ya kupenya moja kwa moja, ile ya bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi ya glasi. Moshi unapita bila kukabwa, na majirani wanalala.

Kuhusu masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi (katalisti), wengi huamini ukiyang'oa tu gari inaruka. Masega mazima yanakula nguvu kidogo sana. Yanayokaba ni yaliyoziba au kuyeyuka. Yagonge kwa ngumi, yakilia kama kopo lenye kokoto yamevunjika ndani. Nawaomba sana: msiyang'oe kisha mkaacha bomba limetoboka chini ya sakafu. Kaboni monoksaidi haina harufu, na siku ya mvua, vioo vimefungwa, inaua watu wamekaa kwenye viti vyao.

La mwisho, "stenlesi haishiki kutu". Kwa hewa yetu ya chumvi? Ipo stenlesi ya bei nafuu ambayo sumaku inaikamata, na hiyo huota kutu juu. Hata ile nzuri, ukiichomelea kwa waya wa chuma cha kawaida, kutu itaanzia kwenye mshono. Tena adui mwingine yumo ndani: lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji. Safari fupi ya Mwanakwerekwe hadi Darajani haiichemshi sailensa vya kutosha kuyakausha, yanatuama humo na kuila kuanzia ndani.

Kijana alikubali inchi 2. Nilipomaliza mshono wa mwisho nikatoboa tundu la milimita 3 chini kabisa ya sailensa, maji yapate pa kutokea.