Wiski ya pipa moja si lazima iwe bora zaidi

Wengi wakiona chupa ya wiski ya Marekani imeandikwa kuwa ni ya pipa moja, huamini papo hapo kwamba inaishinda iliyochanganywa. Sivyo. Maandishi hayo yanataja chanzo tu: kilichomo hakikuchanganywa na cha mapipa mengine.

Burboni, aina maarufu ya wiski ya Marekani, hukomazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, kwa kawaida ya lita 200 hivi. Pipa lililo juu ghalani hupata joto kuliko la chini, kwa hiyo mapipa mawili yaliyojazwa siku moja yanaweza kutofautiana sana. Kuchanganya husawazisha ladha. Pipa moja halina pa kuficha dosari. Ndiyo maana naheshimu sana kazi ya anayelichagua.

Basi hata chupa ya bei nafuu, ihukumu kwa pua na ulimi. Mimina kidogo, iache dakika chache, kisha nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, kilevi kisikuchome. Tafuta vanila, sukari iliyoungua, harufu ya mbao. Onja, tia matone mawili ya maji, onja tena. Namba ya pipa ikiwepo, iandike: chupa ijayo yenye jina lilelile huenda ikawa na ladha nyingine.