Mwalimu, zana unazozitafuta ziko kihambani

Kuna swali huwa nawauliza watoto kila nikiingia darasani kwenye shule za msingi za huku miteremko ya kusini ya Kilimanjaro: maji ya bomba mnayokunywa hapa yanatoka wapi? Wachache wanasema kwenye tenki. Wengi, tena hawa ndio wananyoosha mkono kwa kujiamini kabisa, wanasema yanatoka kwenye barafu ya Kibo, kile kilele cha mlima. Siwalaumu, maana hata sisi watu wazima tunaongea hivyo hivyo, barafu iko juu maji yako chini basi mtu anaunganisha mwenyewe. Ila ukweli ni kwamba maji ya mlima huu yanatokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, mchango wa barafu kwenye mito yetu ni mdogo sana. Yani mtoto anaishi kilomita chache tu kutoka kwenye msitu unaomnywesha yeye na ng'ombe wa kwao, na anamaliza darasa la 7 hajaambiwa.

Kazi yangu ni elimu kwa umma kwenye mambo ya kilimo na misitu, nazunguka mashuleni na kwenye vikundi vya wakulima, na ombi la walimu karibu kila ninapofika ni lile lile, tuletee zana. Wanataka chati, mabango, vitabu vyenye picha. Ni ombi la haki, kufundisha watoto wengi kwa ubao mmoja na chaki ni kazi ngumu. Lakini nimeona pia zana zinazoletwa: bango lenye tufaha na zabibu, msitu wa misonobari umefunikwa na theluji, trekta kwenye shamba la ngano lisilo na mwisho. Mtoto wa Marangu au Kibosho anakariri hayo majina kwa ajili ya mtihani, alafu kengele ikigonga anarudi nyumbani akikatiza katikati ya vihamba, yani mashamba ya nyumbani ya Wachagga yenye miti, migomba na kahawa kwa pamoja, mfumo wa kilimo ambao FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 waliutambua kama urithi wa kilimo wa dunia, pale Shimbwe Juu, Moshi Vijijini. Hilo linaniuma kweli.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuomba mabango, anza na kihamba kilicho jirani na shule. Muombe mwenye nyumba ruhusa mapema, wapeleke watoto, wasimamishe katikati kabisa alafu waambie wainue macho. Juu kule ni miti mikubwa, mringaringa na mruka, na siku hizi mgrevilea ambao asili yake ni Australia, uliletwa ukapendwa. Shusha macho kidogo, unakuta migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi, maharage, mboga, na kiazi kikuu kinapanda mti kama ngazi. Mimi huwa nawaambia hii ni nyumba ya ghorofa na kila mpangaji analipa kodi, sasa tafuteni kila mmoja analipa nini. Hapo ndipo darasa linachangamka. Mringaringa unalipa kwa kivuli, kwa majani yanayooza na kuwa mbolea, kwa maua meupe ambayo nyuki wanayapenda, na siku ukikatwa mbao zake zinatoa fanicha na mizinga. Mgomba unalipa ndizi, alafu gogo lake linakatwakatwa anapewa ng'ombe bandani, ng'ombe analipa maziwa na samadi, samadi inarudi kwenye mgomba. Kitabu kinaita mzunguko wa virutubisho, hapa mtoto anauona na anajua hata jina la ng'ombe.

Mkirudi darasani wape karatasi ya manila, wachore hizo ghorofa kutoka chini kwenda juu, wabandike na majani halisi waliyoyakausha siku mbili tatu katikati ya madaftari. Chati hiyo haitakuwa nzuri kama ya duka la vitabu, lakini watoto wataisoma kila siku kwa sababu ni ya kwao.

Majina ni eneo ambalo walimu wengi wanaliruka na mimi naona ndilo tajiri kuliko yote. Waambie watoto waende nyumbani wakaulize aina za ndizi zilizopo kihambani kwao na kila moja inafanya kazi gani. Watarudi na mshare wa kupikia mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, kisukari ya kula ikiiva, ndizi ng'ombe, na mengine ambayo hata wewe mwalimu hujawahi kuyasikia. Pia utakuta mtoto wa Rombo ana jina moja na wa Machame ana lingine kwa mgomba huo huo. Usisahihishe mtu. Andika yote kwenye kadi, upande mmoja picha aliyochora mtoto, upande wa pili majina yote, la Kiswahili na ya Kichagga, na jina la aliyeleta habari, mfano bibi yake fulani wa darasa la 4. Kadi hizi zinafaa kwa kusoma, kwa kupanga makundi, kwa hesabu, na zinamfanya bibi naye awe mwalimu kwenye shule ambayo pengine hajawahi kukanyaga isipokuwa siku ya kikao cha wazazi.

Na bibi na babu waalikwe kweli, wasiishie kwenye kadi. Muite mzee anayejua habari za mfongo, ule mfereji wa asili wa kuleta maji. Mifongo ile ilichimbwa na mababu kufuata mteremko kwa macho tu, hawakuwa na vifaa vya kupimia, na maji yakafika vihambani na mpaka kwenye mabwawa madogo ya kuhifadhia, nduwa, kwa zamu inayoheshimiwa. Mzee aeleze zamu ilipangwaje, nani alisafisha, aliyeiba maji alifanywa nini. Huo ni uraia tosha. Alafu nendeni mkapime: pima mita 10 kando ya mfongo, dondosha jani, hesabu sekunde, gawa, mtoto amepata kasi ya maji. (Chagua mahali penye kina kifupi na weka mtu mzima kila upande, watoto wadogo wasisogee ukingoni. Na wakati wa kihamba waonye wasivunje magimbi, utomvu wake unawasha vibaya.) Akiwa hapo hapo mzee awaonyeshe isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Watoto wanayaona masale kila siku kwenye mipaka, wengi wanajua tu ni mpaka, hawajui kwamba Mchagga akikukosea akaja na isale mkononi anaomba msamaha na ni vigumu kumkatalia.

Sasa msitu. Hapa walimu wanahofia kwa sababu msitu wa asili uko ndani ya hifadhi na huwezi kuingia na darasa bila utaratibu wa KINAPA, yani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Utaratibu upo, ufuateni mkipata nafasi, ila mengi mnaweza kuyafundisha mkiwa uwanjani. Chukua chupa 3 za plastiki za maji, zile za lita 1 na nusu, kata ubavu mmoja kila chupa ibaki kama mtumbwi, jaza udongo huo huo kwenye zote. Ya kwanza iache hivyo hivyo tupu. Ya pili funika kwa majani makavu. Ya tatu panda maharage au ulezi wiki mbili kabla, au chimbua tu kipande cha nyasi na mizizi yake. Zilaze kwa mteremko kidogo, shingo zielekee chini, weka kikombe kwenye kila mdomo, alafu mwagia maji kiasi sawa kwa kopo lililotobolewa matundu. Kikombe cha kwanza kitajaa upesi, maji ya tope kama chai ya maziwa. Cha tatu kitachelewa na maji yake yatakuwa safi zaidi. Usieleze kitu. Nyamaza, waache wabishane, nimeshaona watoto wa darasa la 3 wakifika wenyewe kwenye neno mizizi baada ya dakika tano.

Kuna jaribio jingine nalipenda zaidi kwa shule za juu juu kwenye ukungu. Tafuta kipande cha neti ya mbu iliyochakaa, kitundike kati ya miti miwili jioni, weka beseni chini. Asubuhi yenye ukungu mzito mtakuta neti imejaa matone hata kama hakuna mvua iliyonyesha. Ndivyo yanavyofanya yale majani laini kama ndevu yanayoning'inia kwenye matawi ya msituni, na ndivyo inavyofanya ile miti na vichaka vya ukanda wa juu, pale msitu unapoishia. Ukanda huo ndio unaoungua mara kwa mara. Waulize watoto nyumbani wanakumbuka nini kuhusu moto wa Oktoba 2020, wazazi wao watawaeleza vizuri sana, alafu rudi kwenye neti na uwaulize, tukiichoma hii neti beseni litapata nini. Na maji hayo hayaishii Moshi, yanateremka mpaka Mto Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale, kwa hiyo mtoto wa Tanga anayewasha taa naye anahusika.

Kipimo cha mvua kila shule inaweza kuwa nacho kesho. Kata chupa yenye kuta zilizonyooka, weka kokoto na maji chini mpaka pale inaponyooka, hapo ndio sifuri, geuza ile sehemu ya juu uliyokata iwe faneli, bandika rula kwa seloteipu. Kila asubuhi saa 2 mtoto mmoja anasoma na kuandika, alafu anamwaga maji mpaka yarudi kwenye sifuri. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba, kwa hiyo darasa lenye paa linalofunika mita 8 kwa 6, ikinyesha milimita 20, limepokea lita 960. Wape hesabu hiyo darasa la 6 alafu waulize hizo lita zilikwenda wapi, maana shule nyingi hazina hata gata la kuyakinga.

Kuna mambo mawili naomba sana. La kwanza, shamba la shule lisiwe adhabu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 shule zetu zina mashamba, wazo lilikuwa jema, lakini mtoto anayepewa jembe kwa sababu amechelewa au ameongea darasani anajifunza kwamba kulima ni kwa waliokosa, na baadaye tunashangaa kwa nini kijana hataki kahawa. Adhabu zitafutiwe kwingine. Shambani aende mtoto akiwa na daftari, aangalie jani la kahawa lenye unga wa rangi ya chungwa ajue hiyo ni kutu ya majani, aangalie punje yenye madoa meusi yaliyobonyea ajue huo ni ugonjwa wa chulebuni, alafu alinganishe na miche ya aina zinazostahimili kutoka taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu kama kuna jirani ameipanda. Punje na majani yanayoumwa msiyabebe kwenda shamba jingine, chora au piga picha kwa simu inatosha.

La pili ni gumu kidogo. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili pembezoni ili wananchi wapate kuni na majani, na 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Leo kwenye darasa lako wapo watoto ambao mama zao wanategemea majani ya ng'ombe kutoka pembeni ya msitu. Ukisimama mbele yao ukasema wanaoingia msituni ni waharibifu, umemwambia mtoto kitu kuhusu mama yake ambacho hatakisahau. Eleza sheria ilivyo, eleza na sababu, alafu geuza swali: kihamba kinaweza kutoa kuni kiasi gani tukipunguzia matawi ya mgrevilea kila mwaka, na majani ya ng'ombe yanaweza kuoteshwa kwenye matuta gani? Wapeni wapime matuta ya kwao. Majibu watakayoleta yatakuwa ya kazi na yatasomwa na baba nyumbani.

Vyote hivi, kadi za ndizi, majani makavu, mbegu za mringaringa, daftari la mvua, viweke kwenye boksi moja gumu lenye mfuniko, chini mwaga majivu kidogo kuzuia wadudu, na liwe na watoto wawili wa zamu. Darasa likipanda boksi libaki kwa wanaoingia, waongeze vya kwao. Vuli inaanza Oktoba, kwa hiyo mkikata chupa za kipimo mwishoni mwa Septemba mtapata matone ya kwanza kabisa.